Nimesimamia watu miaka 11, sasa kijana wa miaka 24 ananijulisha kazi yangu

MamaWaRongai:
Hamjambo humu. Nataka ushauri wa watu wazima, na mkicheka mcheke kidogo.

Niko benki moja kubwa, makao makuu Upper Hill, Nairobi. Niliingia 2003 nikiwa karani wa kaunta, enzi mtu anapanga foleni asubuhi nzima kutoa elfu mbili. M-Pesa ilipoanza 2007 tuliicheka pale kwenye chai ya saa nne. 2010 Benki Kuu ikaruhusu mawakala, foleni yetu ikahamia kwa muuza unga wa mtaani. Makarani wakapungua mmoja mmoja. Mimi nilibaki kwa kuwa nilijua kila fomu kwa rangi yake, na hicho ndicho nilichopandia cheo: kujua. Leo nasimamia watu 26 wanaopitia maombi ya mikopo midogo.

Mwezi wa pili tuliletewa programu ya akili bandia. Inasoma taarifa ya M-Pesa ya mteja, inampa alama. Jumanne mkutanoni nikaagiza kila aliye chini ya 40 akataliwe papo hapo, tusipoteze wakati. Kijana mmoja akainua mkono: "Madam, mama mboga pesa yake haikai. Inaingia jioni, alfajiri imeenda soko la Marikiti kununua sukuma. Mashine inaona mfuko mtupu tu." Watu kimya. Nikasema, "Hilo tutaliongea baadaye," kwa sauti ileile niliyokuwa nikiambiwa mimi 2003.

Hatujaliongea. Ofisi imepoa kama uji wa jana.

Wakubwa wamesikia, na dawa yao ni kunipeleka Naivasha siku tatu, mafunzo ya uongozi. Mwaka juzi pia nilienda. Tulijenga minara kwa spageti, wangu ukaanguka, tukapewa fulana.

Swali langu ni moja. Nikimwomba radhi mbele ya wenzake, nitakuwa nimejivua cheo? Hawa watoto si kama sisi. Tarehe 25 Juni 2024 wanne walinijia wakasema wazi wanaenda maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, hata kusingizia ugonjwa hawakusingizia. Niliwaruhusu. Kwenye daftari niliandika wanaumwa.

FundiMstaafu:
Pole dada yangu. Usiombe radhi mbele ya watu, mwite kando. Nimesimamia mafundi wa simu za waya miaka 19, na mkubwa akishaonekana hajui, maagizo yake hujadiliwa kama bei ya mbuzi. Simu za mkononi zilipotujia sikujua kitu, lakini hakuna fundi wangu aliyeligundua hilo. (Sawa, mke wangu aligundua.)

Wa_Westi:
Mzee, kwa heshima, mafundi wako walijua. Sisi tulio rika la huyo kijana bosi asiyejua tunamtambua wiki ya kwanza, na hatuna neno naye. Tunachoshindwa kumeza ni anayeamua bila kuuliza. Na madam, amekukosoa mbele ya watu kwa sababu agizo lenyewe lilitolewa mbele ya watu. Angenyamaza, wangekataliwa wangapi kufikia jioni?

DawatiLaAjira:
Mimi niko idara ya wafanyakazi, kampuni nyingine. Kijana alikuwa na hoja ya kisheria hata kama hakuitaja. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa mteja haki ya kujulishwa kwamba uamuzi mzito juu yake umefanywa na mashine pekee, na kuomba uangaliwe upya. Lile agizo lako lingewarudia.

Hicho kimya nacho, mimi sidhani ni hasira. Watu 26 wanaiona mashine ikifanya kazi yao na hakuna aliyewaambia kama watabaki. Wengi hawajui hata kwamba wakipunguzwa, Sheria ya Ajira inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka waliotumikia. Waambie unachojua, na usichojua sema hujui.

Naivasha nenda ule samaki. Kampuni hulipa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na kozi iliyoidhinishwa yenye risiti inaweza kurudishiwa sehemu ya gharama. Kuketi kwa muda wa saa mbili na mwenzako hakuna risiti.

MamaWaRongai:
Nimerudi. Mzee, nimekusikiliza nusu. Jana nilivuta kiti nikaketi mezani kwa kijana, wote wanaona, nikamwambia, "Nionyeshe." Tulifungua maombi 30 yaliyokuwa chini ya 40. Kumi na moja ni watu wa soko: samaki Gikomba, nyanya Marikiti, mmoja anauza mayai stendi ya Rongai. Wawili nilikuwa nikiwahudumia kaunta miaka hiyo, na mikopo yao najua walivyoilipa. Hilo kijana hakulijua, mashine pia haikulijua. "Samahani" ilinitoka tukiwa faili la nne. Sina hakika aliisikia, alikuwa anageuza skrini ili nione vizuri.

Naivasha niliomba aende yeye badala yangu. Wamekataa, fulana yangu imeshachapishwa.

Kuhusu kazi zao bado sijawaambia kitu. Nimemuuliza bosi wangu, akasema tutaliongea baadaye. Jumatatu nitamuuliza tena.