Pedi inachubua na kuvuja safarini: tamponi itafaa?

UmmuSalma, Malindi
Assalaam aleikum. Wasichana wawili, miaka 14 na 17, wanakwenda Lamu: basi hadi Mokowe, kisha boti. Siku zao zitawakuta njiani. Pedi huwachubua mapaja, na wakikaa kitako muda mrefu damu huvujia nyuma. Wakifika Shela watataka kuogelea. Yule mkubwa anaulizia tamponi, ile pamba yenye uzi inayoingizwa ukeni. Ni salama? Na bikira je?

BiNesi
Waaleikum salaam dada. Tuanze na michubuko, maana hapo pedi husingiziwa bure. Kinachochubua ni jasho pamoja na pedi inayotembea. Chupi iwe ya pamba na ibane kiasi. Ikilegea, pedi hujikunja katikati na ukingo wake ukasugua paja kila hatua. Ashushe chupi hadi magotini, aivute iwe tambarare, abandike pedi, aikandamize kutoka katikati kwenda pembeni, ndipo akunje mabawa kwa chini. Bawa lililokunjika vibaya huelekeza gundi kwenye ngozi, na gundi hiyo ikishika malaika ya paja, ni kilio.

Atakayekaa basini ameegemea, pedi isogezwe nyuma upana wa vidole viwili. Abadilishe kila saa 4 hivi hata kama haijajaa, na damu ikiwa nyingi mapema zaidi. Basi likisimama ashuke, asingoje kubanwa. Mafuta ya mgando kidogo apake mapajani, si juu ya pedi, kwani yakiigusa hainyonyi vizuri. Pedi zenye manukato ziacheni, na poda pia.

Akilowesha pedi nzima kila saa, saa mbili mfululizo, hilo ni la hospitali.

Mkunga_Mstaafu
Tamponi ni salama hata kwa msichana, ila ina masharti. Kizinda hakizibi njia. Kina uwazi, ndiyo maana damu hutoka. Tamponi yaweza kukitanua, mara nyingine kikachanika kidogo, lakini bikira haiondolewi na pamba. Kama nyumbani hamjaridhika, basi, pedi inatosha.

Achague iliyo ndogo kabisa. Anawe mikono kwa sabuni, aweke mguu mmoja juu ya kigoda, alegeze mwili, aielekeze mgongoni kwa chini, si juu moja kwa moja. Hapo ndipo wengi hukosea, wakaumia na kusema haiingii. Isukumwe hadi asiihisi tena, na uzi ubaki nje. Akiihisi akitembea, haijafika ndani vya kutosha: aitoe, aweke nyingine. Siku za matone asitumie, tamponi kavu hukwaruza.

Muda ni saa 4 hadi 8, isizidi. Usiku avae pedi. Akitoka baharini abadilishe, maana uzi umelowa maji ya chumvi. Na asiweke mpya kabla ya kutoa ile ya zamani. Kusahau ndiko kunakoleta balaa. Bakteria wanaweza kutoa sumu ikaingia damuni. Ni nadra, lakini huua. Homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha, kizunguzungu, ngozi nyekundu kama iliyochomwa na jua: aitoe hapo hapo, aende hospitali, na amwambie daktari alikuwa na tamponi.

UmmuSalma, Malindi
Shukran sana. Yule mdogo hutumia za kitambaa. Atazifuaje huko?

MwanaLamu
Kwanza maji baridi, yasiwe ya moto, maana moto hugandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Visima vingi vya mjini vina chumvi: sabuni haitoi povu, hubaki kitambaani, na ndiyo inayowasha. Afue hayo hayo, lakini suuza ya mwisho iwe kwa maji matamu au ya mvua, ndoo moja yatosha. Aanike darini juani hadi kikauke kabisa. Akiona haya, afunike kwa leso moja nyepesi, si mbili, jua lipenye. Kikirudishwa mkobani kibichi huota ukungu.

Za kutupa zisiingie chooni, zinavimba na kuziba shimo. Azifunge kwenye gazeti, kisha mfukoni, na mfuko usiachwe mlangoni usiku. Punda wetu hawana adabu, watautawanya uchochoroni kabla ya alfajiri.