Kubadilishiwa utaratibu wa kuruka kwa meseji ya WhatsApp, hii haikubaliki jamani!!

Asalaam alaykum. Mie ni rubani, narusha ndege ndogo hizi za Unguja, Pemba na Dar, kampuni siitaji. Nimeghadhibika na sina pengine pa kusemea.

Juzi usiku tumetupiwa PDF kwenye grupu, kurasa mbili, ati kuanzia asubuhi utaratibu wa kuruka umebadilika. Flepu (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa ndege ipate kunyanyuka) tulokuwa tukiweka digrii 20 sasa ni 10, spidi ya kunyanyua pua siyo ile, urefu wa kukunja flepu siyo ule, hata nani anasoma cheklisti na saa ngapi anaisoma kumebadilishwa. Chini pana pa kusaini, "nimesoma na nimefahamu". Basi, ndo mafunzo hayo! Nkamuuliza mkubwa mazoezi lini, akanambia kwani nyie hamjui kusoma?

Kusoma tunajua. Lakini injini ikizima hujafika hata futi 300 nani ana muda wa kukumbuka PDF, mkono unakwenda wenyewe kule ulikozowea, na rubani mwenzangu wa kiti cha kulia naye kazowea ya zamani, mmoja akifata mpya mwengine akarejea ya zamani tunavurugana humo humo ndani na nyuma tumepakia watu, wengine wagonjwa wa rufaa kutoka Chake wanakwenda Mnazi Mmoja.

Na asije mtu hapa kusema flepu ni kitu kidogo. Madrid 2008, ndege ya Spanair, waliruka flepu hazijatolewa na king'ora cha kuwaonya hakikulia, watu 154 wamekufa. Wale hawakubadilishiwa chochote, walipitiwa tu kwenye utaratibu wanaoujua miaka, sasa mtu kabadilishiwa jana usiku itakuwaje?

Halafu hii ndege ya Boeing 737 MAX mbona tushaisahau upesi hivi. Waliotoka kwenye 737 za zamani walipewa somo la kwenye tableti, simuleta (mashine ya kuigizia kurusha ndege) hapana, na ule mfumo wa MCAS unaosukuma pua chini hata kwenye vitabu vyao haukuandikwa. Oktoba 2018 ikaanguka ya Lion Air, watu 189. Machi 2019 ya Ethiopian, imetoka Addis inakwenda Nairobi, dakika sita tu hewani, watu 157, na Wakenya 32 ni majirani zetu hao. Baada ya maiti zote hizo ndo mamlaka ya anga ya Marekani Novemba 2020 wakasema rubani wa MAX lazima apite simuleta. Mwanzo walikuwa wakisema haina haja!!

Sisemi kila kitu kiwe darasa. Ikibadilika frikwensi ya redio niandikie meseji yatosha. Ila kinachobadilisha mkono unafanya nini na kwa mpango gani pale ndege inapoacha ardhi, hicho kinafanyiwa mazoezi, na mwalimu pembeni. Simuleta ni ghali na iko mbali, sawa, basi tupeni ndege tupu asubuhi moja tupige mizunguko na mwalimu aigize injini imezima. Wanasema hasara ya mafuta. Na kutwambia tungoje cheki, ule mtihani wa rubani wa kila miezi sita, ndo nini, hiyo miezi yote kabla tunajifunzia juu ya abiria?

Mie sijasaini na sisaini, waniondoe kwenye ratiba wakitaka. Marubani wa kampuni nyengine kwenu wanafanyaje, mnapewa mwalimu au na nyie ni PDF? Na kuna alowahi kupeleka hili mamlaka ya anga, anieleze alianzia wapi.