Kondomu imepasuka na PrEP (vidonge vya kujikinga na virusi vya Ukimwi kabla ya tendo) nilishaacha, nifanyeje?

BintiKisauni (Jumatatu, saa 3 asubuhi)
Wadau hamjambo. Mimi ni msichana transi, miaka 21, naishi kwa khalati. PrEP nilikuwa nachukua kituo cha vijana wenzetu, sina presha. Misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025 kituo kikafungwa, tukaambiwa twende hospitali za kawaida. Huko nesi akasimama mlangoni akaita jina la kitambulisho, la kiume, kwa sauti, tena na tena, na mimi nimekaa pale na dera langu na kucha zimepakwa rangi. Benchi zima likageuka. Niliondoka bila dawa.

Halafu rafiki akaniambia PrEP inaua homoni za kike ninazotumia, nikaona bora niache kabisa. Jumamosi usiku, kama saa tano, kondomu imepasuka. Hali ya mwenzangu siijui. Nirudie PrEP, nianze na vidonge viwili?

NesiMstaafu
Mdogo wangu, PrEP weka kando kwanza. Leo unahitaji PEP, dawa ya dharura ya kuzuia virusi baada ya tendo. Humezwa siku 28, na lazima uanze ndani ya saa 72. Zako zinaisha kesho saa tano usiku, ila usingoje kesho, ukichelewa nguvu yake inapungua. Nenda kasualiti, pale hospitali ya Makadara wako usiku na mchana. Sema tu umekuja kwa PEP. Watakupima kwanza. Dawa ni bure.

Muungwana77
Dawa ya haya yote ni kutubu.

MlaMihogo
Mawaidha tunayapata Ijumaa, bwana. Dada anahesabu saa hapa.

DadaMtwapa
Kuhusu jina: kabla hujakaa, mwendee karani umwambie taratibu akuite kwa namba ya faili. Wengi hukubali, na asiyekubali mwombe msimamizi wake. Majibu ya kipimo chako pia ni siri yako, Sheria ya Ukimwi ya Kenya ya 2006 inakataza kuyatoa bila idhini yako.

Homoni sasa. Huyo rafiki amekudanganya. Mimi nameza estrojeni, hiyo homoni ya kike, na PrEP pamoja, na PrEP haipunguzi homoni. Homoni ndizo zinazoweza kushusha PrEP mwilini kidogo, ndiyo maana tunaomeza estrojeni twaambiwa tumeze PrEP kila siku bila kuruka. Ule mtindo wa vidonge viwili kabla ya tendo si wetu.

NesiMstaafu
Sawasawa. Ukimaliza siku 28 utapimwa tena, ukiwa huna virusi unaingia PrEP moja kwa moja, usiache pengo. Ukikutwa navyo unaanzishiwa ARV, dawa za kudhibiti virusi, na virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mtu kwa ngono.

BintiKisauni (saa 10 jioni)
Nimezipata, cha kwanza nimeshameza. Karani ameandika namba, hata hakuniuliza kwa nini. Lakini chupa inalia chakacha mkobani na khalati ana masikio!

DadaMtwapa
Tia pamba ndani, ile pakiti ya kunyonya unyevu usiitoe. Na uwe wameza baada ya chakula cha usiku, kichefuchefu kikukute umelala.