Ndege ya kwanza ya rimoti: balsa, foamu ya kujikatia ama ile ya kununua ikiwa tayari?

mjomba_lanet
Wadau salamu. Nataka kuunda ndege ya rimoti, ya kwanza kabisa, sijawahi rusha kitu isipokuwa tiara nikiwa mtoto. Kuna njia tatu. Binamu yangu anarudi kutoka Uingereza na amesema anaweza niletea seti ya balsa, ile mbao nyepesi sana ya kuunganisha mwenyewe. Ama kuna jamaa Nairobi anauza ya foamu imetumika, ati unafunga bawa na mipira ya kuvutika unarusha. Ama nikate mwenyewe zile karatasi nene za foamu za kutengenezea mabango, ramani ziko bure mtandaoni. Binamu anataka jibu kufikia Ijumaa. Nichukue gani?

fundi_kibos
Mkuu hii ni kama mtu anaingia duka la dawa anasema "nipe dawa". Bajeti ngapi? Rimoti uko nayo? Chaja? Utarushia wapi? Solda unajua kushika? Rudi na majibu ndio tuongee.

mbao_tupu
Balsa, bila kufikiria. Ukiunda mbavu za bawa moja moja ukazivalisha ngozi unaelewa kwa nini ndege inapaa. Hizo za foamu ni sahani za chipsi zimewekwa mota. Na balsa ikivunjika ni supaglu tone moja, dakika mbili umemaliza.

njoro_mkulima
@mbao_tupu dakika mbili za nani? Wacha nimwambie huyu kijana ukweli. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa balsa. Miezi mitatu, jioni baada ya kukamua, mama watoto akiniuliza kama nimeoa meza. Siku ya kurusha nikaangalia kila kitu, nikasimama mbele ya pua ya ndege nikasukuma fimbo ya rimoti kulia, eleroni (kile kipande cha nyuma ya bawa cha kuinamisha ndege) iliyo upande wangu wa kulia ikainuka, nikasema sawa. Kumbe ukisimama mbele, mkono wako wa kulia ndio bawa lake la kushoto! Nilikuwa nimefunga kinyume na sikujua. Nikarusha, ikaenda vizuri kama mita ishirini, upepo ukaisukuma kushoto kidogo, nikaipa kulia, ikazidi kushoto, nikaipa kulia yote, ikalala chali na kuingia kwa shamba la mahindi la jirani. Nikaitafuta karibu saa nzima. Kilichonisaidia kuipata ni sauti, mota bado inalia ziii inakata jani la hindi kidogo kidogo, harufu ya mahindi mabichi kila mahali. Bawa vipande vinne. Na mwenye shamba, mama mmoja mzee, amesimama pale anahesabu mabua niliyokanyaga. Nililipa mabua kumi na mbili.
Kwa hivyo simama NYUMA ya mkia, fimbo ikienda kulia eleroni ya kulia iinuke na ya kushoto ishuke. Ikiwa kinyume, rimoti nyingi ziko na rivasi, yaani ya kugeuza mwelekeo, kwenye menyu, ni kubonyeza tu.

mbao_tupu
Hiyo si makosa ya balsa sasa.

njoro_mkulima
Sijasema ni makosa ya balsa. Nimesema ingekuwa foamu ningeibandika na gundi ya moto jioni hiyo hiyo nirushe kesho.

mjomba_lanet
Pole mzee, nimecheka lakini pole. Majibu: bajeti ni kama 18,000. Rimoti iko ya ile drone ndogo ya mpwa wangu, si itafanya? Kurusha nilifikiria uwanja wa shule hapa karibu. Solda nimeshika kwa redio.

fundi_kibos
Rimoti ya drone ya mtoto haitafanya, hiyo inaongea na drone yake peke yake. Tafuta rimoti ya FlySky FS-i6 na risiva yake ya kukaa ndani ya ndege, chaneli 6, inatumia betri nne za AA za dukani, wengi wetu tulianza nayo na ndege ya pili utaitumia tu. Halafu mota saizi 2212 ya kv 1000 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), ESC (kidhibiti kasi ya mota) ya ampia 30, propela inchi 10x4.5, sevo (vimota vya kusukuma usukani na mkia) za gramu 9, betri ya lipo ya seli 3 ya mAh 2200. Mota ikizunguka kinyume badilisha waya mbili kati ya zile tatu, usiogope. Chaja iwe ya kubalansi seli, yaani zijae sawa zote, weka ampia 2.2, na USIICHAJI BETRI UKILALA. Ya kwangu ilivimba kama mandazi, bahati nilikuwa macho.
Kata foamu. Bawa liwe juu ya mwili na lipinde kama V iliyofunguka sana, ikiinama inajirudisha yenyewe. Anza na mota, mkia wa kupanda na kushuka, na usukani wa kukata kona tu, achana na eleroni.

omera_dunga
Na kitovu cha uzito jameni, hamjataja. Weka vidole chini ya bawa, kama robo hadi theluthi kutoka ukingo wa mbele, ikae sawa ama pua ishuke kidogo. Mkia ukishuka usirushe. Sogeza betri mbele.

kaka_kakamega
Pia Lanet kwako ni Nakuru, na Nakuru iko juu, karibu mita 1,850. Hewa ni nyepesi kama asilimia 16 kuliko Mombasa, kwa hivyo irushe kwa nguvu na usiifanye nzito.

omera_dunga
Hahaha hiyo ni kisingizio cha watu wa Nakuru. Huku Kisumu tuko mita 1,130 na bado zinaanguka.

kaka_kakamega
Zenu zinaangushwa na upepo wa ziwa, kwa sababu mnarusha alasiri. Amkeni saa kumi na mbili.

mama_wawili
Huo uwanja wa shule uko na waya za stima? Watoto je? Na waulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, kwanza, kuna sheria za 2020 za ndege zisizo na rubani.

mbao_tupu
Hizo ni za drone, hii ni mchezo.

mama_wawili
Iko na rubani ndani? Haina. Basi uliza. Na wewe wa Kisumu usiniambie unarushia karibu na eapoti.

omera_dunga
Mama mimi narushia Ahero, mashahidi wangu ni korongo.

njoro_mkulima
Kuna mtu anauza chaja? Yangu imeanza kunuka.

fundi_kibos
Kunuka vipi? Itoe kwa nyumba leo.

mjomba_lanet
Wakuu asanteni. Nimeambia binamu alete FlySky badala ya balsa, na nikanunua karatasi tatu za foamu jana nikaanza bawa usiku. Lakini kuna shida. Nilisoma hapo juu supaglu tone moja, nikaitumia pale bawa limekunjwa, karatasi ya juu iko sawa kabisa lakini ndani foamu imeyeyuka imebaki shimo la kutosha kidole gumba. Nijaze na nini?

mbao_tupu
Mimi nilisema supaglu ni ya balsa.