Lindi hadi Guangzhou: mbona kwenda masaa 15, kurudi masaa 6 na nusu?

MwanaRasbura: Wakuu, habari za leo. Dada yangu mkubwa anatoka hapa Lindi kwenda Guangzhou kuangalia mashine ndogo za kubangua korosho. Hajawahi kupanda ndege, na miguu humvimba akikaa sana, ndiyo maana nataka kujua masaa halisi ya hewani. Tiketi inasema Dar 17:00, Addis Ababa 19:50. Addis 23:30, Guangzhou 14:30 kesho yake. Kurudi, Guangzhou 00:30, Addis 07:00. Yaani Addis–Guangzhou kwenda masaa 15, kurudi 6 na nusu? Naombeni msaada.

Kusi: Umbali ni uleule mkuu, kama kilomita 8,000. Saa za kwenye tiketi huandikwa kwa saa za mji husika. Addis wako sawa na sisi, China wametutangulia masaa 5. Akitua kule 14:30, hapa Lindi ni saa 3 na nusu asubuhi. Hesabu tangu saa 5 na nusu usiku alipoondoka Addis: masaa 10. Kurudi, ile 00:30 yao kwetu ni saa 1 na nusu jioni, na Addis anafika saa 1 asubuhi. Masaa 11 na nusu.

MwanaRasbura: Ahsante sana. Ila bado kurudi kumezidi.

Kusi: Upepo huo. Juu huko, kama kilomita 10, unavuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki. Akienda unaisukuma ndege, akirudi ndege inakwenda ikipambana nao.

Bi Mkubwa wa Mikindani: Mwanangu, hiyo miguu aionyeshe kwa daktari kabla ya safari. Achague kiti cha kando ya njia, ainuke atembee, anywe maji. Dar–Guangzhou moja kwa moja ni kama kilomita 8,700, kupitia Addis ni kama 9,800. Kama hamjalipia, waulizeni Air Tanzania kama wana ndege ya moja kwa moja siku hizo. Ila kwa mtu wa kuvimba miguu, mimi hayo masaa ya kusubiri Addis nayapenda, atajinyoosha.

Nangurukuru Stendi: Mimi naogopa ya barabarani. Lindi–Dar ni kama kilomita 450, asithubutu kutoka siku ileile ya ndege. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na mabasi yakakwama. Alale Dar.

Kusi: Jingine, tena kubwa. Ile 00:30 ya kurudi iangalieni tarehe. Ikiandikwa tarehe 20, awe uwanjani jioni ya tarehe 19. Akienda jioni ya tarehe 20, ndege iliondoka jana usiku.

MwanaRasbura: Nampigia sasa hivi, hoteli ameiwekea mpaka asubuhi ya siku hiyo.