Mjuaji wa Ulaya kafungia KASHATA ratiba yangu ya treni!!!

Kikwajuni_Moto:
Jamani nimetoka barazani sasa hivi, mikono inanitetema, hata kofia sijavua. Jina sitaji. Hamna haja, mnamjua. Yule yule aliyekaa Italia miaka miwili akarudi na koti moja, na mpaka leo akipiga chafya anasema "scusi". Ndo huyo.

Dada yangu yuko Genova, huko huko Italia, kaniita nikamtembelee, viza nishapata. Nikasema sendi kama furushi. Usiku tatu nimekesha na simu na daftari napanga treni za pwani. Siku ya kwanza Genova mpaka La Spezia, pale napanda ile inayosimama kwenye vijiji vitano vya majabalini: Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza, Monterosso. Siku ya pili Genova mpaka Ventimiglia mpakani, nabadilisha treni, naingia Ufaransa mpaka Nice. Kalamu mbili! Buluu ya kuondoka, nyekundu ya kubadilisha. Mpaka pa kukaa nimeandika: ukienda La Spezia bahari iko kulia, ukienda Ventimiglia iko kushoto.

Nikampelekea kwa heshima. Kaka, wewe kule unakujua, hebu nitazamie. Akaipokea. HAKUISOMA. Akaigeuza huku, akaigeuza huku, akamwambia muuza kahawa "nipe kashata mbili", akazifungia mle mle, akampa mtoto apeleke nyumbani kwake. Wallahi nimeiona Ventimiglia yangu inakata kona imegandana na sukari!

Ndo akafungua mdomo sasa: "Wewe umezoea daladala ya 502, treni utaigonga bati gani ikushushe?" Baraza zima likaanguka kicheko. Watu hamsini! Paka wa pale kacheka!

Matusi nasamehe. Lakini kashata, jamani. KASHATA.

BiVitumbua:
Pole mwanangu. Ya nazi au ya njugu?

Kikwajuni_Moto:
Inahusu nini bi mkubwa???

BiVitumbua:
Ya nazi haigandi sana, karatasi ungeweza kuidai.

Shahidi6:
Nilikuwepo. Tulikuwa sita, wawili wamelala. Na mbona husemi kama juu ya karatasi ulichora treni ina macho?

Kikwajuni_Moto:
ZILE NI TAA.

Shahidi6:
Zina kope.

MtuWaWete:
Yakhe mwenzetu analilia Ventimiglia. Njoo Pemba upange safari tukuone. Alfajiri uko kwenye gari kutoka Wete, Mkoani unafika jasho linakutoka, boti linakutapisha mpaka Unguja, unashuka na ndoo yako ya samli, la Dar lishang'oa nanga. Kalamu nyekundu ya nini? Sie tunabadilisha kwa dua.

Pwani_Kusini:
@MtuWaWete ndoo ya samli unaipeleka wapi wewe, Dar hakuna samli?

MtuWaWete:
Samli ya Pemba huko hakuna. Usinichokoze.

FundiWaya:
Tuache utani kidogo. Kikwajuni, pale Ventimiglia ulijipa dakika ngapi?

Kikwajuni_Moto:
Kumi na mbili.

FundiWaya:
Basi kashata zimekuokoa. Treni nyingi zinaishia pale kwa sababu umeme haulingani: Italia waya una volti 3,000, wenzao wa upande wa pili 25,000. Sasa unashuka na begi, unateremka ngazi, unapanda ngazi, unatafuta jukwaa la treni ya Ufaransa. Na kama tiketi umekata mbili mbalimbali, ya kwanza ikichelewa, ya pili imekula kwako. Jipe saa nzima, unywe kahawa. Halafu tiketi ya karatasi ya zile treni za mkoa unaigonga muhuri kwenye kimashine kabla hujapanda. Ukisahau ni faini, hata ulie.

Na hivyo vijiji vitano usidhani utakaa dirishani kama Forodhani. Njia karibu yote ni mahandaki. Bahari, kiza, bahari, kiza. Ukiinua simu upige picha unajipiga mwenyewe kwenye kioo. Corniglia kijiji kiko juu, stesheni iko chini, ngazi mia tatu na ushei. Kule njia ya Ventimiglia nako, kabla ya Sanremo reli walishaihamisha ndani ya mlima, kipande kimoja 2001, kingine 2016. Njia ya zamani iliyopita ufukweni sasa watu wanaendeshea baiskeli.

Kikwajuni_Moto:
Kaka ungekuwa wewe ndo nimekupelekea ile karatasi!

FundiWaya:
Kwa dakika kumi na mbili? Ningefungia urojo.

Shahidi6:
🤣🤣🤣 urojo haufungiki lakini nimekuelewa

MjukuuWaMtoni:
Mnabishana treni za watu, na sisi tulikuwa na yetu ya pwani! Mwaka 1905 Wamarekani walileta reli hapa Unguja, kutoka pale Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili saba, bahari iko kushoto kwako mkono mzima. Bububu yenyewe jina limetokana na mlio wa ile treni, bu-bu-bu.

Pwani_Kusini:
Wapi bwana. Bububu iliitwa Bububu kabla ya treni. Ni chemchemi ile, maji yakitoka.

MjukuuWaMtoni:
Babu yangu kaniambia treni.

Pwani_Kusini:
Babu yako ndo kamfunza yule wa kashata.

Kikwajuni_Moto:
AHSANTE. Turudi kwenye mada. Mtu mzima, mbele ya watu, anachukua karatasi ya mwenzake...

MtuWaWete:
Afadhali hiyo treni ingebaki, 502 ya jioni ni adhabu. Jana nimekaa kwenye goti la mtu mpaka Mtoni, na nauli nimelipa nzima.

MjukuuWaMtoni:
Goti bahati. Mie nimebebeshwa kuku wa mtu.

Shahidi6:
502 ina nafuu. Ya Nungwi wameniwekea mbao nne mgongoni na papa mkavu miguuni. Mke wangu mpaka leo ananiuliza nilikuwa wapi.

Kikwajuni_Moto:
Jamani KASHATA

BiVitumbua:
Ehe, ndo nilitaka kuuliza. Huyo muuza kahawa hapo kwenu anakuja saa ngapi?

Shahidi6:
Baada ya laasiri bi. Ya nazi uwahi, huisha mapema.