Rimu za spoku: alumini au chuma?

vumbi_tupu: Wakuu salama? Nataka kutoa rimu za sport (zile za kipande kimoja) kwenye pikipiki yangu niweke za spoku maana njia yangu ni mawe matupu na ya mbele ishapata ufa karibu na valvu. Nichukue alumini au chuma? Na tyubu je?

babu_spana: Alumini mkuu, nyepesi na haili kutu kama chuma. Ila ukitoka inchi 17 ukaweka 21 mbele pikipiki inanyanyuka, na kama spidomita inasoma gurudumu hilo itakudanganya, itaonyesha spidi ndogo kuliko unayokwenda.

mlegezo: Pima habu (kile kitovu cha gurudumu), ekseli na diski ya breki kwanza!! Mimi nililetewa rimu kali kweli, ekseli ikagoma kupita kwenye beringi, wiki mbili pikipiki iko juu ya matofali 😂

babu_spana: Hahaha pole. Tyubu lazima kama matundu ya nati za spoku hayajazibwa, na weka ule utepe wa mpira ndani la sivyo vichwa vya spoku vitaitoboa. Ukishatembea kilomita 200 hivi kagua tena, gonga kila spoku na spana, ikilia ting iko poa, ikilia dub imelegea.

vumbi_tupu: Hiyo ya ting na dub sikuijua, shukrani. Naenda kupima habu sasa hivi